Je, Wajua Kwamba Kaboni Hujifunga Kama Mpira?

Kwa miaka mingi vitabu vya kemia vilifundisha kwamba kaboni safi ina sura mbili: almasi ngumu inayong'aa, na grafiti laini nyeusi iliyomo ndani ya penseli. Sura ya tatu ilikuwa ikijitengeneza katika masizi, lakini haikutambuliwa maabarani hadi Septemba 1985, tena na watu waliokuwa wakitafuta kitu kingine.

Harold Kroto, mkemia wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, alitaka kujua jinsi minyororo mirefu ya kaboni inavyoundwa karibu na nyota kubwa nyekundu. Kule Houston, Marekani, katika Chuo Kikuu cha Rice, Richard Smalley alikuwa na mashine ya kuigiza hali hiyo: leza hupiga grafiti, kaboni hugeuka mvuke, gesi ya heliamu huupoza, kisha chombo hupima uzito wa kila kishada cha atomu kilichoundwa. Robert Curl, mkemia wa Rice, ndiye aliyewakutanisha. Mashine yenyewe iliendeshwa zaidi na wanafunzi wao, akina James Heath na Sean O'Brien, na ni haki watajwe.

Minyororo ilipatikana. Ila kwenye grafu za vipimo kulikuwa na kilele kimoja kilichopita vyote, cha kishada chenye atomu 60, na kingine kifupi cha 70. Walipobadili mpangilio wa mashine, kile cha 60 kilizidi kupanda huku vingine vikififia. Grafiti ni bapa. Ukiimega, atomu za ukingoni hubaki na vifungo visivyo na cha kushika, na hurukia chochote kilicho karibu. Kishada kilichotulia kiasi kile hakikuwa na ukingo. Kilikuwa kimejifunga.

Smalley alikesha nyumbani akikata karatasi kwa mkasi. Pembesita peke yake hazikukubali kufunga umbo. Alipoanza kuchanganya na pembetano, karatasi ilijipinda yenyewe, na mwishowe akawa na tufe lenye pembe 60, kila pembe ikiwa mahali pa atomu moja. Mtaalamu wa hisabati wa Rice alipoulizwa, alijibu kwamba huo ni mpira wa miguu. Na kweli, ndio mshono wa mpira wa Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico: pembetano nyeusi 12, pembesita nyeupe 20.

Hiyo 12 haikuja kwa bahati. Hisabati inadai kwamba tufe la aina hii, ambalo kila pembe yake ni makutano ya vipande vitatu, liwe na pembetano 12 kamili, hata likiwa kubwa namna gani. Kinachoongezeka ni pembesita tu. Molekuli ya atomu 70 nayo ina pembetano 12, ila pembesita zake ni 25, ndiyo maana imerefuka kidogo. Ile ya 60 ndiyo ndogo kuliko zote ambamo hakuna pembetano mbili zinazogusana. Mkazo wa kujipinda umegawanywa sawa kwa atomu zote, hakuna iliyoelemewa. Hapo ndipo uimara wake ulipo. Kipenyo chake ni kama nanomita 0.7.

Familia hii iliitwa fulerini, kwa heshima ya Buckminster Fuller, mbunifu wa Marekani aliyesifika kwa makuba ya vipande vilivyounganishwa namna hii. Lakini Eiji Osawa wa Japani alikuwa ameitabiri molekuli ya atomu 60 tangu mwaka 1970. Aliandika kwa Kijapani, na wakemia wa Magharibi hawakumsoma. Upungufu ulikuwa wao, si wa lugha yake.

Mwaka 1990 Wolfgang Krätschmer wa Heidelberg, Ujerumani, na Donald Huffman wa Arizona, pamoja na wenzao, walipata njia ya kuitengeneza kwa wingi. Walipitisha umeme mkali kwenye fimbo za grafiti ndani ya heliamu, wakakusanya masizi na kuyatia kwenye benzeni. Kimiminika kikawa chekundu; kilipokauka, fuwele zikabaki. Tangu hapo maabara nyingi zikaweza kuichunguza. Mwaka 1996 Curl, Kroto na Smalley walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia, na mwaka 2010 darubini ya Spitzer ikatangazwa kuiona molekuli hiyo angani, katika gesi inayozunguka nyota iliyozeeka.

Je, inatumika wapi? Kazi yake iliyo wazi zaidi ni kupokea elektroni, na kwa sababu hiyo imetumika sana katika utafiti wa paneli za jua zinazotengenezwa kwa plastiki. Ikichanganywa na potasiamu na kupoozwa hadi nyuzi 255 chini ya sifuri, hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Katika tiba bado ni utafiti, na kwa maoni yangu ahadi zimeitangulia kazi.

Kwa hiyo, msomaji, ukiuziwa mtandaoni mafuta ya C60, yaani yenye molekuli hii ya atomu 60, ya kurefusha maisha, usiyanywe. Madai hayo yalishamiri baada ya utafiti mmoja wa mwaka 2012 uliotumia panya wachache. Utafiti uliochapishwa 2020 haukuona maisha yakirefuka, na ulionyesha kwamba mafuta hayo yakipigwa na mwanga yanaweza kuwa sumu.