Timu ilipanda, kijana wetu akabaki benchi

Pale Lusahunga, njia panda ya malori yaendayo Rusumo, ubishi wa michezo hauna mwisho. Mara nyingi ni Simba na Yanga. Lakini likitajwa jina la Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ya NBA ya Marekani, wabishi hukubaliana haraka mno: huyo alishindwa. Mimi ni shabiki niliyeufuata msimu wake wa kwanza kwa kusoma matokeo asubuhi, maana mechi zenyewe zilichezwa sisi tumelala. Leo naomba tuupime msimu ule kwa haki.

Mwezi Juni 2009, Memphis Grizzlies walimchagua Thabeet akiwa wa pili kati ya wachezaji wapya wote. Mbele yake alikuwa Blake Griffin peke yake. Nyuma yake waliachwa James Harden na Stephen Curry, majina ambayo leo kila mtoto anayajua. Timu iliyomchukua ilikuwa dhaifu. Msimu wa 2008/09 ilishinda mechi 24 tu kati ya 82.

Msimu mpya nao ulianza vibaya. Katika mechi 9 za mwanzo walishinda moja. Mkongwe Allen Iverson, aliyesajiliwa kwa shangwe, alicheza mechi 3 akaondoka, kwa kuwa hakutaka kuanzia benchi. Wengi tulisema basi, mambo ni yale yale. Kumbe sivyo. Hadi msimu unakwisha, Grizzlies walikuwa wameshinda 40 na kupoteza 42. Ushindi 16 zaidi kwa mwaka mmoja si jambo dogo.

Je, ilikuwaje? Kwanza, kocha Lionel Hollins aliwatuliza watu watano: Conley, Mayo, Gay, Randolph na Marc Gasol. Pili, Zach Randolph, ambaye timu nyingine zilimwona msumbufu, alifika na kupata wastani wa pointi 20.8 na mipira ya kurudi 11.7 kwa mechi. Tatu, Gasol alikomaa pale kati.

Na hapo kati ndipo palipokuwa mahali pa kijana wetu! Thabeet alipata dakika 13 kwa mechi, akafunga wastani wa pointi 3.1. Februari 2010 akapelekwa kwa muda ligi ya chini, kwa Dakota Wizards. Iliniuma. Lakini tazama tena hesabu: katika dakika hizo 13 alizuia mitupo 1.3. Kwa mtu wa dakika 39, hiyo ni karibu mitupo 4, kazi ya mlinzi hodari. Upungufu wake ulikuwa kwingine: alianza mchezo huu akiwa kijana mkubwa tayari, mikono yake haikuzoea mpira wa kasi, na madhambi yalimtoa uwanjani mapema.

Timu nayo ilikuwa na upungufu wake. Benchi lilikuwa jembamba, na upande wa Magharibi nafasi ya nane ilihitaji ushindi 50. Mashariki, Chicago waliingia kwa 41 tu.

Dawa ya benchi ilipatikana Februari 2011, na iligharimu kijana wetu. Thabeet alipelekwa Houston, akaja mkongwe Shane Battier. Miezi miwili baadaye, ugenini kwa San Antonio, ni Battier huyo huyo aliyetupia mpira wa pointi tatu, zikiwa zimebaki sekunde chache, na kuwapa Grizzlies ushindi wao wa kwanza katika hatua ya mtoano, baada ya kupoteza mechi zote 12 za miaka ya 2004 hadi 2006. Wakaitoa San Antonio, vinara wa Magharibi, kwa 4-2.

Nilifurahi na kusononeka siku ile ile. Basi, ndugu zangu, tusiseme tu kwamba alishindwa. Thabeet alifika mbali kuliko Mtanzania yeyote kabla yake, akiwa na miaka michache tu ya mazoezi. Swali si kwa nini alibaki benchi. Swali ni kwa nini mtoto mrefu wa Biharamulo au Ngara leo asubiri mpaka afike miaka 15 ndipo aguse mpira wa kikapu. Ubao, ringi na mwalimu mmoja shuleni havizidi uwezo wetu.