Tuzo na Kiwanda Kidogo: Mfano wa Chujio la Maji

Maji maangavu si lazima yawe maji salama. Katika sehemu nyingi za mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, maji hupita katika miamba ya volkano na kubeba floridi. Floridi haionekani kwa macho, wala kuchemsha maji hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anyweaye kwa miaka mingi maji yaliyozidi mno kiwango hicho hupata meno ya kahawia, na mifupa yake yaweza kupinda.

Mtaalamu wa uhandisi wa kemia, Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, alibuni chujio lenye hatua mbili. Kwanza, maji hupita katika mchanga unaonasa takataka na bakteria. Kisha hupita katika chembe ndogo mno zipimwazo kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Kwa kuwa eneo la uso wa chembe hizo ni kubwa likilinganishwa na uzito wake, hunasa floridi na metali nzito ambazo mchanga huziachia zipite.

Hata hivyo, uvumbuzi peke yake haufanyi biashara. Mnunuzi hana maabara nyumbani. Machoni pake, chujio jema na chujio baya hutoa maji yaliyo sawa. Hapo ndipo tuzo huwa na thamani. Mwaka 2015 Hilonga alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Uvumbuzi wa Kihandisi, itolewayo na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, akapata pauni 25,000. Kabla ya hapo, washindani walioteuliwa walipewa mafunzo ya biashara, na kazi zao zikachunguzwa na waamuzi. Hivyo kampuni ndogo ilipata, zaidi ya fedha, ushahidi wa watu wasiokuwa wauzaji wake.

Lakini tuzo hutolewa siku moja, na maji hunywewa kila siku. Chembe zinaponasa floridi hatimaye hujaa, na chujio lisilobadilishwa huanza kupitisha kile kile lililowekwa kukizuia. Kwa hiyo kampuni iliyotuzwa haina budi kupima maji yake mara kwa mara. Naye mwanafunzi aonaye cheti ukutani na aulize: maji haya yalipimwa lini?