Wakio Aliyezaliwa Ugenini: Majina ya Kidawida Mbali na Milima ya Taita

Katika jamii nyingi za Kibantu, jina halikuwa alama tu ya kumtofautisha mtu na mwenzake; lilikuwa pia taarifa fupi kuhusu kuzaliwa kwake. Wadawida wa Milima ya Taita ni mfano bora. Mvulana aliyezaliwa usiku huitwa Mwakio na msichana Wakio, kwa kuwa "kio" katika Kidawida ni usiku. "Dime" ni mchana, na ndiko linakotoka jina Mwadime. Aliyezaliwa wakati wa njaa huitwa Mwanjala. Kwa hiyo, msikilizaji wa Wundanyi hupata habari mbili kwa neno moja: jinsia, kupitia kiambishi Mwa- au Wa-, na saa au hali ya kuzaliwa. Makala haya yanachunguza yanayolipata jina kama hilo linapopewa mtoto aliyezaliwa mbali na wasikilizaji hao.

Umbali huo huanzia karibu, yaani Voi. Mji huu ulikua pamoja na reli iliyotoka Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ukakusanya watu wa makabila mengi, na lugha yao ya sokoni ni Kiswahili. Hapa, linaloliponza jina ni undugu wa lugha hizi mbili kuliko ugeni wake. Wakesho ni msichana aliyezaliwa asubuhi. Mswahili akilisikia, husikia "wa kesho", mtoto wa siku ijayo. Tafsiri hiyo inapendeza, na pengine maneno hayo mawili yana shina moja. Hata hivyo, sivyo alivyokusudia nyanya aliyelichagua jina. Lugha ya mbali kabisa isingelipa jina maana yoyote. Lugha ndugu hulipa maana nyingine, na mwenye jina huishia kuiamini.

Sauti nazo hupotea. Katika Kidawida, "gh" ni sauti ya kienyeji, ilhali katika Kiswahili hupatikana hasa katika maneno yenye asili ya Kiarabu, kama vile ghali na lugha. Wasemaji wengi wa bara huitamka kama "g". Hivyo Mghanga na Mghoi wakifika Nairobi hugeuka Mganga na Mgoi, wakati mwingine hata katika hati rasmi.

Fomu za kiserikali zina madhara makubwa zaidi. Zamani mtoto alikuwa na jina lake, kisha akatambulishwa kwa la babaye. Muundo huo unaonekana wazi katika jina la Mashengu wa Mwachofi, aliyechaguliwa kuwa Mbunge wa Wundanyi mwaka 1979: kiunganishi "wa" bado kinafanya kazi yake. Baada ya misheni kufunguliwa Sagalla mwaka 1883 na Bura mwaka 1892, jina la ubatizo lilitangulia, la kienyeji likawa la pili na la baba likawa la tatu. Huko Uingereza au Kanada, hilo la tatu huchukuliwa kuwa jina la ukoo lisilobadilika. Binti wa Mwadime anaitwa Mwadime darasani, kazini na hospitalini, akiwa amebeba kiambishi cha kiume maisha yake yote. Wakio, kama limeandikwa katikati, hufupishwa kuwa "W." Herufi hiyo haielezi usiku wala mchana.

Tatizo hili si la Wadawida peke yao. Katika Kiayalandi, binti wa ukoo wa Ó Briain huitwa Ní Bhriain, kwani kiambishi cha mwanamke ni tofauti na cha mwanamume. Uandikishaji wa Kiingereza uliwafanya wote kuwa O'Brien. Na mzazi wa Kiayalandi anayemwita bintiye Niamh jijini London anajua kwamba atamweleza kila mwalimu kuwa jina hilo hutamkwa "Niiv". Wengi hulichagua hata hivyo, na kwa tahajia yake ileile. Msimamo huo unafaa kuigwa: jina la Kidawida liwe la kwanza kwenye cheti, na "gh" ibaki mahali pake. Anayelisoma ndiye ajifunze.

Kuna swali jingine ambalo wazee wa milimani hawakulazimika kulijibu. Mtoto wa kike akizaliwa Toronto saa nne usiku, Voi huwa ni saa kumi na moja alfajiri, au saa kumi na mbili kutegemea majira. Je, ni Wakio au Wakesho? Kwa mantiki ya Kidawida, anga linalohesabiwa ni lile lililomfunika mama alipojifungua. Basi ni Wakio, hata kama simu ya kumtangaza ilipokelewa Voi majogoo yakiwika. Lakini jina likirithiwa kutoka kwa nyanya, hesabu hiyo yote huachwa, na usiku unaotajwa ni ule aliozaliwa nyanya huko Taita. Ndiyo maana hupatikana akina Wakio waliozaliwa adhuhuri, jua likiwa utosini.