Nguvu Bila Mkataba ni Kibarua

Tangu ulingo wa ngumi ulipofunguliwa tena Unguja mwezi Agosti 2023, baada ya mchezo huo kupigwa marufuku visiwani kwa takriban miaka 60, mjadala umekuwa mkali bara na visiwani. Wapo wanaoshangilia kwamba vijana wamerudishiwa mchezo wao, na wapo wanaouliza ni faida gani kumlipa mtu ili ampige mwenzake. Pande zote mbili zina hoja, wala hatukusudii kuzidharau. Lakini lipo swali jingine ambalo halijaulizwa kwa sauti ya kutosha, nalo ndilo tunaloliweka leo mbele ya wasomaji wetu wa Mafia na Unguja, na mbele ya maofisa wa Serikali waliokabidhiwa dhamana ya michezo: kijana anapopanda ulingoni, nguvu zake huwa mali ya nani?

Ili kulijibu swali hilo tumeona vema kuyatazama maisha ya Mwafrika mmoja, Francis Ngannou wa Kameruni, aliyepata kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu katika mapigano mseto. Huu ni mchezo unaochanganya ngumi, mateke, mieleka na kabali, na katika kampuni ya UFC ya Marekani, iliyo kubwa kuliko zote katika biashara hiyo, wapiganaji hukutana ndani ya uzio wenye pembe nane. Wa uzito wa juu ni wale wanaozidi kilo 93, na mwisho wao ni kilo 120. Kwa watu wenye miili ya kadiri hiyo, pigo moja hutosha kumaliza kazi ya jioni nzima.

Ngannou alizaliwa tarehe 5 Septemba 1986 katika mji mdogo wa Batié, magharibi ya Kameruni. Wazazi wake walitengana angali mdogo, na umaskini ukampeleka kwenye machimbo ya mchanga kabla hajabalehe. Kazi yake ilikuwa kuchimba kwa koleo na kupakia malori, kwa ujira ambao haukutosha hata mahitaji ya shule.

Habari hiyo si ngeni kwa mtu wa Mkoa wa Pwani. Asafiriye kutoka Kibaha kwa Barabara ya Morogoro, akapita Visiga na kuendelea hadi Mlandizi, huwaona vijana wenye vifua vipana wakisubiri kando ya njia mtu wa kuwakodi kwa siku: kupakia mchanga, kupakua saruji, kubeba magunia. Vivyo hivyo kule Kilindoni, Mafia, kijana mwenye mabega hupakua mizigo ya vyombo vya baharini. Nguvu wanazo. Wasichokuwa nacho ni uwezo wa kupanga bei ya nguvu hizo. Bei hutajwa na mwenye lori, na asiyeitaka huondoka, mwingine akachukua nafasi yake.

Ngannou alianza kujifunza ngumi akiwa na umri wa miaka 22, umri ambao wengi huuona kuwa umechelewa. Mwaka 2012 aliiacha nchi yake, akapita Nijeria, Nijeri na Aljeria, akalivuka jangwa la Sahara hadi Moroko. Alijaribu mara nyingi kuvuka bahari kwenda Hispania, akarudishwa, akajaribu tena, na alipofika aliwekwa kizuizini kwa muda wa miezi miwili. Mwaka 2013 akawasili Paris, hana fedha wala makazi, akalala mahali pa kuegeshea magari. Tunalisema hili kwa tahadhari. Njia hiyo imemeza vijana wengi wa Afrika ambao majina yao hayataandikwa gazetini, na mtu asimwonyeshe mwanawe mfano wa Ngannou kwa kusudi la kumtuma jangwani.

Mjini Paris alikwenda kutafuta ngumi za kawaida, lakini walimu wake walimvuta kwenye mapigano mseto. Alipambana kwa mara ya kwanza mwezi Novemba 2013, na kufikia Desemba 2015 alikuwa amekwisha kuingia UFC. Desemba 2017 alimwangusha Alistair Overeem wa Uholanzi kwa pigo lililoonyeshwa dunia nzima. Mwezi uliofuata alipewa nafasi ya kuwania ubingwa dhidi ya Stipe Miocic wa Marekani, na hapo akafundishwa kwamba nguvu peke yake hazitoshi. Alichoka mapema, akashindwa kwa pointi baada ya raundi tano. Julai 2018 akashindwa tena, safari hii na Derrick Lewis, katika pambano ambalo wote wawili waliogopana na watazamaji wakazomea.

Wengi walidhani amekwisha. Alirudi mazoezini, akajifunza kuzitumia pumzi zake na kujihami na mieleka. Katika mapambano manne yaliyofuata, kati ya Novemba 2018 na Mei 2020, hakuna mpinzani aliyemaliza raundi ya kwanza, na mmoja wao alidumu sekunde 20 tu. Tarehe 27 Machi 2021, mjini Las Vegas, alikutana tena na Miocic na kumwangusha katika raundi ya pili. Mchimba mchanga wa Batié akawa bingwa wa dunia. Aliupeleka mkanda nyumbani na kupokewa na umati wa watu.

Laiti habari ingeishia hapo, ingekuwa hadithi nzuri ya kuwaburudisha watoto. Sehemu yenye mafunzo kwa wakubwa ndiyo inayoanzia hapo.

Ngannou alikuwa bingwa, lakini mkataba wake ulimfunga kwa kampuni moja. Hakuweza kupigana kwingine wala kujaribu ngumi za kulipwa bila ruhusa, na bingwa kwa desturi ya mikataba hiyo huongezewa muda wa kufungwa kwa sababu tu ni bingwa. Tarehe 22 Januari 2022 aliutetea ubingwa wake dhidi ya Ciryl Gane wa Ufaransa, goti lake likiwa limeumia vibaya. Kwa kuwa hakuweza kusimama imara na kurusha ngumi, alitumia mieleka na akashinda kwa pointi. Malipo yake yaliyotangazwa yalikuwa dola 600,000. Kwa mtu wa Visiga hizo ni fedha zisizohesabika, lakini tuzipime kwa mizani ya biashara yenyewe. Katika kesi iliyofunguliwa Marekani mwaka 2014 na wapiganaji wa zamani dhidi ya kampuni hiyo, ilielezwa kwamba wapiganaji walipata karibu sehemu moja kati ya tano ya mapato. Kesi hiyo ilimalizika kwa mapatano ya dola milioni 375, yaliyoidhinishwa na mahakama mwaka 2025.

Mkataba wake ulipoelekea ukingoni, Ngannou hakudai nyongeza ya fedha peke yake. Alitaka wapiganaji wapatiwe bima ya afya, wawe na mtu wa kuwasemea katika vikao vya kampuni, na awe huru kutafuta wadhamini wake. Kampuni kwa upande wake ilisema ilikuwa tayari kumlipa kuliko mpiganaji yeyote wa uzito wa juu katika historia yake. Hawakuafikiana. Januari 2023 aliondoka, na mkanda ukabaki nyuma. Wako waliomwita mpumbavu.

Miezi michache baadaye alitia saini na kampuni ya PFL mkataba uliompa sauti katika uongozi wa shughuli zake za Afrika. Kwa kauli yake mwenyewe, aliweka sharti kwamba hata mpinzani wake alipwe si chini ya dola milioni 2. Sharti hilo tunaliona kubwa kuliko mkanda, kwa kuwa mtu aliyewahi kuwa kibarua alimkumbuka yule atakayesimama mbele yake. Tarehe 28 Oktoba 2023, mjini Riyadh, alipigana na Tyson Fury, bingwa wa ngumi wa Uingereza, akamwangusha katika raundi ya tatu na kushindwa kwa majaji wasiokubaliana.

Haki itendeke, tuseme na upande wa pili. Tarehe 8 Machi 2024 Anthony Joshua wa Uingereza alimwangusha Ngannou mara tatu katika raundi mbili, na mara ya mwisho hakuinuka mwenyewe. Mwezi uliofuata alifiwa na mwanawe mchanga. Oktoba mwaka huo alirudi kwenye mapigano mseto, akamshinda Renan Ferreira wa Brazili katika raundi ya kwanza, na ushindi huo akamtunuku marehemu mwanawe. Kwa hiyo mkataba mzuri haumkingi mtu na ngumi ya uso, wala na majonzi ya dunia. Unachofanya ni kuhakikisha kwamba anapoanguka, hakuanguka bure, na yuko mtu aliyeandikiwa wajibu wa kumwinua.

Sasa turudi nyumbani. Mwishoni mwa Desemba 2024 bondia kijana alifariki Dar es Salaam baada ya kuangushwa ulingoni. Hatutaki kumlaumu mtu hapa, lakini tunauliza: ni mabondia wangapi kati ya wanaopanda ulingoni mikoani wenye nakala ya mkataba nyumbani? Ni wangapi wanaojua nani atalipa hospitali? Nchi yetu ina Baraza la Michezo la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na tangu 2023 tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Vyombo vipo. Linalotakiwa ni kuviunganisha na ulingo.

Kwa maoni yetu, mambo manne hayapaswi kungoja. Kwanza, kila mkataba wa pambano uandikwe kwa Kiswahili, usomwe mbele ya shahidi asiye wa promota, na bondia aondoke na nakala yake. Pili, pambano lisianze mpaka daktari na gari la wagonjwa wawepo, na aliyepoteza fahamu asiruhusiwe kupigana tena mpaka apimwe na kupumzishwa kwa muda uliowekwa na sheria. Tatu, promota alipe bima ya wapiganaji wote wawili kabla ya kupewa kibali, si mmoja aliye maarufu. Nne, wapiganaji wenyewe wawe na mjumbe wao katika vikao vinavyoamua mambo yao.

Watakaosema kwamba masharti haya yataua mchezo wanasahau kwamba mchezo unaoweza kufa kwa sababu ya gari la wagonjwa haukuwa na uhai wa kuheshimiwa. Na wanaotaka tupige marufuku kila kitu wakumbuke kwamba marufuku huufunga ulingo, haifungi umaskini. Kijana aliyenyimwa ulingo atauza nguvu zake mahali pengine, penye daktari haba zaidi.

Zanzibar, kwa kuwa imefungua mlango huu juzi tu, ina bahati ya kuanza na kanuni safi, na Mafia na Kibaha zinaweza kujifunza kutoka kwake. Tunawaomba wahusika wasingoje msiba mwingine ndipo waitishe kikao. Kijana wa Visiga amekwisha kuuza nguvu zake kwa bei ya mwenye lori. Akienda ulingoni, asikute tena mwenye lori yule yule amevaa koti la promota.