Nyumba ya tole juu ya maji

Ninyi mnaokaa Kolwezi, Likasi ao Kipushi, mnajua chuma. Mmeona tole ya gari namna kutu inavyoikula, hata ukisukuma kidole kinapita. Sasa muwaze watu ambao nyumba yao yote ni tole, tena inakaa ndani ya maji usiku na mchana. Huko Uingereza wako wengi. Wanalala, wanapika na kulea watoto ndani ya mashua za motere, katika mifereji iliyochimbwa na watu.

Mifereji ile ilizaliwa na migodi. Mwaka wa 1761 mfereji wa Bridgewater ulianza kuleta makaa ya mawe kutoka Worsley mpaka Manchester, na bei ya makaa ikashuka karibu nusu. Farasi alivuta mashua kwa kamba. Kiisha reli ikaja, faida ya wenye mashua ikapunguka, na wengi wakashindwa kulipa nyumba. Wakaingiza bibi na watoto katika chumba cha metre tatu hivi nyuma ya mzigo. Makaa hayapiti tena sawa vile, lakini watu wanaokaa majini wamebaki.

Mashua yao ni nyembamba, metre mbili na kidogo, maana vyumba vya milango vinavyopandisha na kushusha mashua vilijengwa kwa kipimo kile. Chuma cha chini, mara nyingi, ni milimetre 10, cha ubavu 6, cha paa 4.

Mtu akinunua mashua ya zamani, moyo unakimbilia jikoni mpya na rangi nzuri ya nje. Hapo njo wengi wanaanguka. Kazi ya kwanza iko chini, pahali jicho halifiki. Kila miaka miwili ao mitatu mashua inatolewa majini, inasuguliwa, kiisha inapakwa rangi nyeusi ya gudroni. Fundi anapima unene wa tole kwa chombo cha sauti, bila kuitoboa. Ikibaki chini ya milimetre 4, wenye bima wengi wanakataa, na inafaa kuunga tole mpya juu ya ile ya zamani. Kazi ile peke yake inaweza kumeza feza zote za jikoni.

Ubavuni wanafunga vipande vya magnezyumu. Maji yanakula magnezyumu mbele ya chuma; ikiisha, wanafunga nyingine. Baharini wanatumia zinki, ile ile ya Kipushi! Lakini mashua ikiungwa na umeme wa inchi kavu, waya ya udongo inaiunganisha na mashua za jirani, na magnezyumu inaisha upesi sana. Kuna chombo kidogo cha kuzuia mambo hayo, na mtu asiyejua anakiona paka kama gharama ya bure.

Pale chuma cha elisi kinapotoka nje, maji yanatafuta kuingia. Wanaziba kwa kamba laini na grese. Tone moja moja si kitu, pompi inatoa. Lakini batri ikikufa wakati mwenyewe yuko safarini, pompi inanyamaza, matone hayanyamazi. Mashua nyingi zimezama vile, bila zoruba.

Kuna kifo kingine, na hiki sisi tunakijua kwa mbabula. Wakati wa baridi wanawasha jiko la makaa, wanafunga madirisha. Moshi usioonekana unawakuta usingizini. Tangu Aprili 2019, mashua yenye pahali pa kulala inalazimika kuwa na kengele ya hewa ile, na ukaguzi wa usalama unafanyika kila miaka minne. Bila cheti hakuna ruhusa ya kukaa mferejini.

Motere pia si ya kuchezea. Kwa sheria ya 1995, asiye na pahali pake pa kudumu hawezi, kwa kawaida, kukaa pamoja zaidi ya siku 14. Motere ikikataa, mtu ana shida na nyumba yake, si na safari tu. Kwa hiyo wanajaza tanki mbele ya baridi, ili hewa isiache maji ndani ya mazuti.

Siku hizi wengi wanatupa batri za risasi na kununua za lityumu, na mabamba ya jua juu ya paa. Ni kitu kizuri, lakini batri ile inakunywa umeme kwa nguvu hata inaweza kuunguza alternatere, na haipendi kuchajiwa chini ya sifuri. Katika baridi jua lenyewe ni haba, ndiyo maana motere bado inawashwa. Jioni, kabla ya kunawa mikono, mwenye mashua anazungusha mkono wa grese mara moja ao mbili, mpaka tone linakoma.