Jiwe la kufugwa: bidhaa iliyotengenezwa kwa maneno

Mwaka 1975, huko California, Marekani, mwandishi wa matangazo ya biashara aitwaye Gary Dahl alianza kuuza mawe. Hayakuwa mawe ya thamani, ila mawe madogo laini kutoka ufuko wa Rosarito nchini Meksiko. Kila jiwe lililazwa juu ya majani makavu ndani ya kisanduku cha katoni chenye matundu ya hewa, likauzwa karibu dola 4 kwa jina la Pet Rock, yaani jiwe la kufugwa. Katika miezi michache yaliuzwa zaidi ya milioni 1.

Wengi hutaja kisa hiki ili kuwacheka wanunuzi. Mimi nakisoma kama mwanafunzi wa lugha, nami naona kwamba watu walinunua maandishi. Kisandukuni mlikuwa na kijitabu cha kurasa 32 juu ya malezi na mafunzo ya jiwe. Kilieleza, kwa sauti ya mfugaji stadi, kwamba jiwe hushika upesi amri ya kukaa na ya kutulia, lakini ili libiringike lazima lisaidiwe.

Kicheko kinatoka wapi? Kinatokana na mgongano wa utanzu na mada: maelekezo yenye sura na amri zote za maelekezo ya kweli yanahusu kitu kisichosikia. Kwa Kiswahili mgongano huo ungeingia hadi katika sarufi. «Jiwe limelala» ni habari ya kawaida. «Jiwe amelala» tayari ni utani, kwa kuwa upatanisho wa viumbe hai umelitia jiwe uhai. Kiambishi kimoja kinafanya kazi ya kisanduku kizima.

Utani huo una sharti moja: mtoaji na mpokeaji wote wajue kwamba jiwe ni jiwe. Ndiyo maana lilifaa kuwa zawadi ya Noeli. Halikudumu pia: baada ya Noeli ya 1975 mauzo yalianguka, maana utani ukisharudiwa huchuja.

Sharti hilo likiondolewa, mbinu zile zile huzaa udanganyifu. Anayeuza unga wa mti kama dawa ya magonjwa yote hutumia jina, kifungashio na maelekezo yenye sauti ya kitaalamu, kama Dahl. Ila mnunuzi wake hajui kwamba anachezewa, na huenda akakosa matibabu. Kwa hiyo, tunapochambua tangazo, haitoshi kuuliza linasema nini. Tuulize pia mwandishi anajua nini ambacho msomaji hakijui.