Bata Mzinga Si Kuku Mkubwa
Sayansi ya joto katika jiko la nyumbani

Katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki bata mzinga huchinjwa kwa nadra. Hufugwa uani kwa miezi mingi, akalishwa pumba na mabaki ya chakula, huku akingojewa Krismasi, Idi au harusi. Siku ikifika, mpishi aliyekwisha kupika kuku wasio na idadi hukabiliwa na ndege mmoja mwenye uzito wa kuku watano au sita. Mara nyingi humpika kwa desturi ile ile ya kuku, akiongeza moto na muda tu. Matokeo huwa ama kidari kilichokauka kama ubao, ama ndege aliyeiva nje na kubaki mbichi karibu na mfupa. Kosa la kwanza huharibu karamu. Kosa la pili laweza kuwalaza wageni hospitali.

Kosa hilo halitokani na uvivu wa mpishi. Kiini chake ni kwamba bata mzinga si kuku mkubwa. Ukubwa wa kitu hubadili namna joto linavyoingia na kutoka ndani yake, na yeyote aielewaye kanuni hiyo moja ataweza kumyeyusha, kumpika na kumhifadhi ndege huyu bila hasara wala madhara.

Asili ya ndege huyu

Ingawa jina lake lina neno "bata", kwa wataalamu wa viumbe ndege huyu si bata. Yumo katika jamii moja na kuku na kwale. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini, na watu wa Mexico walianza kumfuga zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wahispania walimpeleka Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16, na kutoka huko alienea duniani. Nchini Marekani ndiye kitoweo kikuu cha Siku ya Shukrani, ambayo kwa sheria ya mwaka 1941 huadhimishwa Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba. Huko huokwa mzima katika tanuri, na ndiko maswali ya kisayansi juu ya upishi wake yalikojadiliwa sana.

Joto husafiri polepole

Takriban robo tatu ya nyama mbichi ni maji, lakini maji hayo yamefungwa katika nyuzi za misuli. Hayawezi kuzunguka kama maji yachemkayo sufuriani. Kwa hiyo joto haliingii ndani ya nyama ila kwa kupitishwa kutoka tabaka moja hadi jingine, na nyama ni mpitishaji hafifu wa joto.

Tuseme kipande kimoja cha nyama kina unene mara mbili ya kingine. Joto linapaswa kusafiri mwendo ulio mara mbili, na pia kuna nyama mara mbili ya kupashwa moto njiani. Mbili mara mbili ni nne. Kwa hiyo muda wa kuiva hauongezeki mara mbili, bali mara nne. Kwa jumla, vitu vyenye umbo moja vikipashwa joto kwa namna moja, muda huongezeka kwa mraba wa unene.

Mwanafizikia Wolfgang Panofsky, aliyekuwa mkurugenzi wa maabara ya chembe za atomu ya Stanford huko California kuanzia mwaka 1961 hadi 1984, anakumbukwa pia kwa kuitumia kanuni hii jikoni. Wapishi wa Marekani walizoea kukadiria nusu saa kwa kila ratili ya bata mzinga. Panofsky aliona kwamba kadirio hilo halipatani na fizikia, akatunga kanuni yake kwa tanuri lenye joto la nyuzi 163 za Sentigredi. Ikigeuzwa kuwa katika vipimo vya kilo, husema hivi: tafuta kipeuo cha tatu cha uzito wa ndege, kizidishe kwa chenyewe, kisha zidisha kwa 1.13. Jibu ni idadi ya saa.

Kwa ndege wa kilo 1, jibu ni saa 1 na dakika chache, ambao ndio muda wa kuoka kuku mdogo. Kwa ndege wa kilo 8, kipeuo cha tatu ni 2, mraba wake ni 4, na jibu ni muda wa saa 4 na dakika 30. Uzito umeongezeka mara nane, lakini muda umeongezeka mara nne tu. Kadirio la nusu saa kwa ratili lingedai karibu saa 9, na ndege angetoka tanurini amekauka kabisa.

Kuongeza ukali wa moto hakusaidii. Moto mkali huunguza ngozi, ilhali kasi ya joto kuelekea mfupani huongezeka kidogo tu.

Nyama za aina mbili

Tatizo la pili limo katika mwili wa ndege mwenyewe. Bata mzinga hutembea kutwa nzima, lakini huruka kwa nadra na kwa muda mfupi. Misuli ya mapaja, ifanyayo kazi bila kupumzika, huhitaji oksijeni nyingi. Kwa hiyo imejaa mioglobini, protini nyekundu inayohifadhi oksijeni, na ndiyo sababu nyama ya paja ni nyeusi kuliko ya kidari. Aidha, misuli hiyo imeshikiliwa na kolajeni nyingi, protini ngumu kama kamba. Misuli ya kidari ni myeupe, laini, na ina mafuta kidogo.

Nyama hizi mbili hudai joto tofauti. Kadiri joto linavyopanda kupita nyuzi 65, protini za kidari hujikunja na kuukamua utomvu wake. Kikifika nyuzi 80 kimekwisha kukauka. Kolajeni ya paja, kinyume chake, hugeuka kuwa jelatini laini pale tu inapokaa kwa muda mrefu katika joto la nyuzi 70 na zaidi. Ndege mzima akiwekwa motoni, kidari huharibika kikilingoja paja. Ndege akiwa mzee, kolajeni yake huwa imeshikamana zaidi, na kungoja huko hurefuka.

Busara ya kukatakata

Mpishi wa pwani amkataye bata mzinga vipande na kumtia katika mchuzi wa nazi huwa ametatua matatizo yote mawili kwa kisu kimoja. Mahali penye unene wa sentimita 12 pakikatwa kuwa vipande vya sentimita 4, unene umepungua mara tatu, na muda wa joto kufika katikati umepungua mara tisa. Tena mapaja yaweza kutangulia kuingia sufuriani, na vipande vya kidari vikafuata yanapokaribia kulainika.

Mchuzi unaotokota kwenye sufuria isiyobana mvuke hauzidi sana nyuzi 100, hivyo nyama haiungui. Hata hivyo, mahali papikiwapo pana maana yake. Dar es Salaam, usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, penye mwinuko wa karibu mita 1,700, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Tofauti hiyo yatosha kuchelewesha kulainika kwa kolajeni, na mpishi wa nyanda za juu hapaswi kushangaa paja likichukua muda zaidi.

Jambo moja haliwezi kupatikana katika maji, nalo ni rangi ya kahawia na harufu ya nyama choma. Hizo hutokea asidi-amino zinapoungana na sukari katika joto la takriban nyuzi 140 na zaidi, kama alivyoeleza mkemia Mfaransa Louis Camille Maillard mwaka 1912. Kwa hiyo vipande vilivyokwisha kuiva huepuliwa, vikakaushwa na kubanikwa kwa dakika chache juu ya makaa.

Ndege aliyegandishwa

Anayenunua bata mzinga wa barafu dukani huikuta kanuni ya unene kabla hata ya kuwasha moto. Gramu moja ya barafu huhitaji jouli 334 ili iyeyuke tu, bila kupanda joto hata kidogo. Isitoshe, barafu hupitisha joto zaidi ya mara tatu kuliko maji yaliyotulia. Tabaka la nje likishayeyuka hugeuka kuwa blanketi linalozuia joto lisifike ndani. Kwa sababu hii kuyeyusha huchukua muda mrefu kuliko kugandisha.

Ndege akiachwa mezani usiku kucha, nje hufikia joto wanalolipenda bakteria wakati ndani bado ni jiwe. Njia salama ni kumyeyushia ndani ya jokofu, katika joto lisilozidi nyuzi 4, kwa kadirio la siku moja kwa kila kilo 2. Ndege wa kilo 8 anahitaji siku nne.

Vijidudu na kisu

Nyama mbichi ya ndege mara nyingi hubeba bakteria waitwao Salmonela na Kampilobakta, waletao homa, kuhara na maumivu ya tumbo. Nyama ikifika nyuzi 74 mahali penye unene mkubwa zaidi, bakteria hao hufa mara moja. Rangi ya utomvu si kipimo cha kuaminika, kwani nyama iliyoiva yaweza kubaki na wekundu karibu na mfupa. Kipimo bora ni kipimajoto cha chuma cha jikoni. Kipimajoto cha kioo chenye zebaki kutoka maabara ya shule kisitumiwe kamwe, maana kikivunjika hutia sumu chakulani. Pasipo kipimajoto, vipande vilivyochemka mchuzini hadi nyama ikaachana na mfupa vimekwisha kupita kiwango hicho.

Mara nyingi, hata hivyo, maradhi hayatoki katika nyama iliyopikwa. Hutoka katika kachumbari iliyokatwa kwa kisu na ubao uliokatia nyama mbichi bila kuoshwa kwa sabuni. Nyanya hazipiti motoni. Kadhalika, kumwosha ndege mbichi bombani hurusha matone yenye bakteria kwenye vyombo vya jirani, ilhali moto utawaua bakteria walio juu yake bila msaada wa maji.

Sufuria iliyosahauliwa

Karamu ikiisha, kanuni ile ile hurudi kwa upande wa pili: kitu kikubwa hupoa polepole kama kilivyopata moto polepole. Bakteria aitwaye Klostridiamu perfrinjensi hutengeneza mbegu ngumu zinazostahimili mchemko. Mchuzi uliojaa sufuria kubwa ukiachwa jikoni, mbegu huamka, na katika joto la nyuzi 45 hivi kila bakteria huweza kugawanyika kila baada ya dakika 10. Mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne. Baada ya saa 2 wamefika 4,096. Baada ya saa 4 wamepita milioni 16.

Dawa yake ni kupunguza unene. Mabaki yagawanywe katika sinia na bakuli zisizo na kina, kisha yatiwe jokofuni kabla ya saa 2 kupita. Pasipo jokofu, ni heri majirani wagawiwe siku hiyo hiyo. Kuchemsha tena asubuhi hakutoshi, kwa kuwa bakteria wengine, kama Stafilokoka, huacha sumu isiyoharibiwa na mchemko hata wao wenyewe wakifa.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kuithibitisha kanuni ya unene bila kuchinja ndege. Huhitajika viazi ulaya kadhaa vya mviringo, vya namna mbili: vidogo vyenye kipenyo cha sentimita 3 na vikubwa vyenye kipenyo cha sentimita 6. Vyote vitiwe pamoja katika maji yanayochemka. Kila baada ya dakika 4 kiazi kimoja cha kila namna kitolewe na kukatwa katikati. Wanafunzi wataona duara la nje lililoiva likizidi kupanuka, na wapime unene wake kwa rula. Waandike muda uliopita hadi kitovu kuiva kwa kila namna, kisha wajibu maswali haya:

1. Je, uwiano wa muda unakaribia 2, 4 au 8? Kwa nini?
2. Ndege wa kilo 3 ataoka kwa muda gani kwa kanuni ya Panofsky?
3. Mchuzi wenye kina cha sentimita 20 ukigawanywa katika sinia zenye kina cha sentimita 5, muda wa kupoa utapungua takriban mara ngapi, ikiwa mchuzi ni mzito usiozunguka?

Mwanafunzi atakayelijibu vema swali la tatu apeleke jibu lake nyumbani, kwa anayepika, kabla ya sikukuu ijayo.